Dawa ya Macho Haiazimwi

Jumapili moja baada ya Misa, mama mmoja alinijia ofisini, hapa parokiani Karatu, kumwandikisha kichanga wake ubatizo. Mwanawe mkubwa, wa miaka mitatu, alishika upindo wa kanga yake. Macho yake mekundu, tongotongo zimegandisha kope, inzi wamemzunguka. Nikauliza, "Mama, huyu ametibiwa?" Akafungua fundo la kanga, akatoa tyubu ya marhamu iliyominywa nusu. "Ya jirani, mwalimu. Nilimpaka siku tatu, akalia mno, nikaacha."

Ndugu wasomaji, hapo pana makosa matatu.

La kwanza, kuazimana. Tyubu iliyogusa jicho la mgonjwa huweza kupeleka vijidudu kwa mwingine. Tena si kila jicho jekundu hutibiwa kwa antibiotiki. Macho mekundu yalipoenea nchini mwanzoni mwa 2024, asili yake ilikuwa virusi, na antibiotiki haiui virusi. Na dawa nyingine za matone zina steroidi; zikitiwa katika jicho lenye kidonda, zaweza kulipofusha.

La pili, kuacha njiani. Kwa vikope, ugonjwa unaowasumbua hasa wafugaji wa nchi kavu kama Ngorongoro, marhamu ya tetrasaiklini hupakwa mara 2 kwa siku, wiki 6. Vikope vikirudia-rudia, kope hujikunja ndani na kukwaruza mboni, hata mtu akapofuka.

La tatu, kusahau maji. Huko Kongwa, Dodoma, utafiti uliotangazwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba vijiji vilivyopewa dawa pamoja na mafundisho ya kuosha watoto nyuso vilikuwa na vikope vikali vichache kuliko vilivyopewa dawa tu.

Basi, akina mama, mganga wa zahanati aone jicho kwanza. Nawa mikono, vuta ukope wa chini, tia marhamu kidogo, ncha isiguse jicho. Kila mtoto awe na kitambaa chake. Na kichanga akitoka usaha machoni siku za kwanza, mpelekeni hospitali siku ile ile.

Mama yule alikwenda zahanati kesho yake, akapewa tyubu mpya. Mtoto alilia tena kila alipopakwa, lakini safari hii mama hakuacha. Wazee walisema: mchelea mwana kulia, hulia yeye.