Bakteria inayowakinga watoto wa nyuki dhidi ya kuvu

MFUGAJI anapofungua mzinga na kukuta majana, yaani watoto wa nyuki, wamekauka na kuwa wagumu mithili ya vijiwe, huenda wamevamiwa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Ndiyo kuvu ile ile iletayo sumu ya aflatoksini katika mahindi, sumu iliyowaua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka wa 2004.

Hata hivyo, majana hawaachwi bila kinga. Mwaka wa 2021, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walieleza kwamba bakteria iitwayo Bombella apis huizuia kuvu hiyo kukua na kuenea.

Bakteria hii huishi ndani ya maziwa ya nyuki, ule ute mweupe ambao nyuki walezi huwalisha majana na malkia. Ute huo ni mchachu na huua bakteria nyingi, lakini hii huustahimili. Tena hailipi kodi kwa ulinzi pekee: mwaka wa 2022 ilibainika kuwa hutengeneza laisini, kirutubishi cha kujenga mwili, na majana waliolishwa chakula hafifu walinenepa zaidi walipokuwa nayo.

Basi mfugaji asikimbilie dawa za kuua bakteria kila mzinga unapodhoofika. Mwaka wa 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas walionyesha kuwa nyuki waliopewa tetrasaiklini walipoteza bakteria nyingi za tumboni, na wengi zaidi wakafa baada ya kurejeshwa mzingani. Isitoshe, kuvu si bakteria; dawa hizo haziidhuru.