KWA NINI MUUGUZI HAFUNGUI OKSIJENI YOTE?

Ndugu wakimbizi wa Nkamira,

Mama mmoja aliniuliza: "Mwanangu, mzee wetu amelazwa, anahema kwa shida, lakini wanampa oksijeni kidogo. Wanamnyima kwa kuwa sisi ni wakimbizi?" Hapana, mama. Sababu ni hii.

Sisi tuliotoka Goma tunajua mazuku, ile hewa inayotoka ardhini karibu na volkano na kutulia mabondeni. Mbuzi akishuka humo, hufa. Hewa hiyo ni kaboni dioksidi. Mwili wetu pia huitengeneza kila siku, na sisi huitoa tunapopumua.

Mtu ambaye mapafu yake yameharibika kwa sigara, kwa moshi wa kuni wa miaka mingi, au kwa kifua kikuu cha zamani, anaweza kushindwa kuitoa yote. Hapo hujaa katika damu.

Dalili zake ni hizi:
- kichwa kuuma, hasa asubuhi
- usingizi mwingi mchana
- mikono kutetemeka
- kuchanganyikiwa

Mgonjwa wa namna hii anahitaji oksijeni, lakini ikizidi, kaboni dioksidi inaweza kupanda zaidi. Ndiyo maana muuguzi hutazama kile kipimo cha kidoleni. Kwa wagonjwa hawa hutafuta asilimia 88 hadi 92, si 100.

Baadhi ya hospitali zina mashine inayopuliza puani hewa ya moto kiasi, yenye unyevu, hadi lita 60 kwa dakika. Mpulizo huo husukuma nje hewa iliyotumika iliyobaki puani na kooni, ili mgonjwa asiivute tena. Inanguruma, msiiogope. Hali ikizidi, daktari anaweza kumvalisha mgonjwa barakoa ya mashine ya kusaidia kupumua.

Wewe unayemwuguza:
1. Usiongeze wala usipunguze oksijeni. Usimvue mpira wa puani.
2. Usiwashe kiberiti wala sigara karibu naye.
3. Akisinzia kupita kawaida, usiseme "amepata usingizi, tumwache." Mwamshe. Asipoamka vizuri au akisema ovyo, mwite muuguzi mara moja, hata usiku wa manane.

Na ukiona dalili hizi kwa mgonjwa wa kifua aliye nyumbani, usingoje kesho. Mpeleke kituo cha afya, au tuite sisi wahamasishaji wa afya.