Michezo ya Ubao na Elimu ya Fedha

Mchezo wa ubao humfundisha mwanafunzi mambo ya fedha pale sheria zake zinapomtaka achague, kisha zikamfuata na matokeo ya uchaguzi huo raundi baada ya raundi. Ludo, inayopendwa sana Kampala, haifiki huko, kwa kuwa dadu huamua karibu kila kitu. Omweso wa Waganda, ndugu wa bao la pwani, hufika. Ubao wake una mashimo 32 na kete 64, nusu kwa nusu baina ya wachezaji wawili. Kete zilizoliwa haziwekwi kando. Mlaji huzisambaza upya upande wake, zikamtafutia nyingine. Tena hairuhusiwi kuanzia kwenye shimo lenye kete moja. Aliyebakiwa na moja moja kila mahali hana pa kuanzia, na ameshindwa ingawa kete bado anazo. Mtaji uliotapanywa hauwezi kuelezwa vizuri zaidi ya hapo.

Lakini mchezo hufundisha kilichomo katika sheria zake tu. Elizabeth Magie, Mmarekani aliyepata hataza ya The Landlord's Game mwaka 1904, alitaka kuonyesha jinsi wenye ardhi wanavyotajirika kwa jasho la wapangaji. Monopoly, iliyotokana na mchezo huo na kuanza kuuzwa na Parker Brothers mwaka 1935, humpa ushindi yule anayewafilisi wenzake. Akiba ya karo haimo.

Ggaba, kwenye mwalo wa Ziwa Victoria, upungufu huo ni mkubwa. Kipato cha mvuvi au mwuza samaki huja kwa siku, na zipo siku hakiji. Karo hudaiwa kwa muhula, mara 3 kwa mwaka. Ubao unaolifaa darasa la huko unaweza kuchorwa kwenye kadibodi, vifuniko vya soda vikawa kete. Vyumba vyake viwe soko zuri, ziwa lililochafuka, mgonjwa nyumbani, makato ya kutuma pesa kwa simu, na siku ya karo ambayo hairukwi. Kila anayepokea kipato agawe papo hapo: matumizi, akiba, biashara.

Mkopo ndio chumba cha kukaliwa muda mrefu. Anayekopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, riba ikizaa riba, asipolipa chochote anadaiwa 133,100 baada ya miezi 3 na 177,156 baada ya miezi 6. Mwanafunzi akizihesabu fedha hizo kwa noti za karatasi za mchezo, kwa mkono wake, hesabu humkaa.

Tangu 2020 mtaala mpya wa sekondari ya chini nchini Uganda una somo la ujasiriamali, kwa hiyo kipindi kipo. Kinachohitajika zaidi ni mazungumzo baada ya mchezo, maana bila hayo darasa hukumbuka mshindi tu. Kila mmoja aandike daftari la mapato na matumizi yake, kisha mchezo urudiwe huku mmoja akianza na 200,000 na mwingine na 50,000, ili wanafunzi watenganishe kilicholetwa na uamuzi na kilicholetwa na bahati ya mahali pa kuanzia.