JINA LA MAREHEMU: MTOTO AITWE NANI?



Katika nyumba zetu hapana furaha ipitayo ile ya kumpokea mtoto mchanga, wala hapana jambo liletalo maneno upesi kama kumtafutia jina. Baba ana lake, mama ana lake, na wazee wa pande zote mbili nao wana yao. Na kama mtoto amezaliwa katika mwaka wa msiba, maneno huwa mazito zaidi. Maana hapo watu hawatafuti jina tu, bali wamtafuta na yule aliyeondoka. Mwezi huu twataka kuwasimulia habari ya nyumba moja ya Songo Songo, kwa kuwa twajua ya kwamba nyumba nyingi zina shauri kama hilo. Majina ya wenyewe hatutayaandika. Ila jina la marehemu haliwezi kukosa kutajwa, basi tuseme kwa mfano aliitwa Juma.

Kisiwa cha Songo Songo ki katika bahari ya Kilwa, upande wa kaskazini mashariki wa Kilwa Kivinje. Watu wake tangu zamani ni wavuvi na mabaharia, na dini yao ni Uislamu. Lakini gesi iligunduliwa huko mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 hupita katika bomba hata Dar es Salaam kuendesha mitambo ya umeme. Pamoja na kazi hiyo wamekuja watu wa bara, mafundi na walimu na waganga, na wengine katika hao ni Wakristo. Watu wakikaa pamoja huoana, na wakioana huzaa, na wakizaa hutafuta jina.

Basi mwalimu mmoja Mkristo, Mmakua wa upande wa Masasi, alimwoa binti wa mvuvi wa kisiwani. Binti yule alibatizwa kabla ya ndoa, kwa hiari yake mwenyewe. Baba yake, yule mzee Juma, hakumlaani wala hakumfukuza, alinyamaza tu. Akisalimiwa aliitikia, na akiletewa zawadi aliipokea, lakini hakumwita tena aketi naye barazani wakati wa kutengeneza nyavu, kama ilivyokuwa desturi yao tangu binti alipokuwa mdogo. Ikapita miaka minne hivyo.

Mwaka wa tano mzee akaugua. Binti alikuwa Kilwa kwa mumewe, naye ana mimba ya miezi saba. Habari ya kifo ikafika usiku. Alfajiri akashuka pwani, lakini kusi ilikuwa ikivuma kwa nguvu, na manahodha wote wakakataa kutweka. Waislamu hawamkawizi maiti. Mzee akazikwa siku ile ile. Binti alipofika kesho yake alikuta kaburi limekwisha kufukiwa na watu wamekwisha kutawanyika. Akamwambia mama yake, “Sikupata kuagana naye, mama, hata neno moja.” Kwa sababu hiyo mtoto alipozaliwa alitaka jambo moja tu, yaani mtoto achukue jina la babu yake.

Hapo mashaka yakaanza, tena yakaja manne pamoja. Kwanza, mtoto ni mwanamke. Pili, mume aliogopa ya kuwa wazee wake wa Masasi watasema jina la ukoo wao limedharauliwa. Tatu, mtu mmoja kanisani alisema kwamba jina hilo ni la Kiislamu, halifai kwa mtoto wa kubatizwa. Nne, na hili ndilo lililomwumiza binti kuliko yote, mama yake mzazi alikataa. Akasema, “Jina la mume wangu mtalitia maji, kisha mtalitupa nyuma ya jina la kizungu. Afadhali liachwe na mwenyewe kaburini.”

Na tuyatazame mashaka hayo moja moja.

La kwanza lilikuwa jepesi, maana lugha yetu yenyewe imekwisha kulitengeneza. Watu wa pwani humwita mwanamume kwa siku aliyozaliwa, Juma au Hamisi, na mwanamke huitwa Mwanajuma au Mwanahamisi. Basi mjukuu wa Juma aweza kuwa Mwanajuma, na masikio hayatashituka. Ni kweli jirani mmoja alicheka, akasema, “Mtoto amezaliwa Jumanne, ataitwaje Mwanajuma?” Lakini wazee walijibu ya kuwa jina likisharithiwa halihesabu siku tena; lahesabu mtu.

La pili liliisha kwa namna ambayo mwalimu hakuitazamia. Alimwandikia mjomba wake barua ndefu ya kuomba radhi. Mjomba hakuandika jibu, alisafiri mwenyewe. Alipokwisha kupumzika na kula, akasema, “Mwanangu, umesoma sana hata umesahau kwenu. Kwetu Wamakua mtoto hufuata nihimo la mama yake, si la baba. Mimi nina haki juu yako kwa sababu mama yako ni ndugu yangu. Mtoto huyu ni wa watu wa mkeo. Jina likitoka kwao, limetoka mahali pake.” Wasomaji wa Masasi, Newala na Lindi hawatastaajabu, maana Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wamwera wote huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Lakini watu wa kisiwani walistaajabu sana, kwa kuwa wao walikuwa wakidhani jina ni haki ya upande wa baba, na kwa hiyo walikuwa wakingoja kunyang'anywa. Kila upande ulikuwa ukiuogopa upande wa pili, na kumbe kila mmoja ulikuwa umekwisha kumpa mwenzake haki.

Tukumbuke pia ya kuwa kurithi jina si jambo geni katika nchi zetu. Watawala wa Wayao walipokezana jina pamoja na kiti; alikuwapo Mataka, akafuatwa na Mataka mwingine, na Newala hivyo hivyo Matola alifuatwa na Matola. Huko Kenya, Wakikuyu humwita mwana wa kwanza kwa jina la babu mzaa baba, na wa pili kwa jina la babu mzaa mama. Kati ya Wayahudi wenyewe desturi ni mbili: wale wa asili ya Ulaya ya mashariki hutoa jina la jamaa aliyekufa, wala hawatoi la aliye hai, na wale wa asili ya Hispania hutoa hata la babu aliye hai, wala hawaoni vibaya. Basi asiwepo mtu wa kusema desturi ya kwake ndiyo ya wanadamu wote.

Shaka la tatu lataka maelezo zaidi. Je, Juma ni jina la dini? Limetoka katika neno Ijumaa, na neno hilo asili yake ni Kiarabu. Lakini siku yenyewe ni ya watu wote, na sisi Wakristo tuna Ijumaa Kuu yetu. Tena tazameni mifano iliyo wazi. John Ramadhani alikuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana Tanzania tangu mwaka 1984 hata mwaka 1998. Augustino Ramadhani alikuwa Jaji Mkuu wa Tanzania tangu mwaka 2007 hata mwaka 2010, na baadaye akapewa daraja ya ukasisi. Jina la mwezi wa mfungo wa Waislamu halikuwazuia kumtumikia Kristo. Naye Mwalimu Nyerere, alipobatizwa mwaka 1943 kwa jina la Julius, hakuliacha jina la Kambarage alilopewa na wazazi wake, ingawa ni jina la pepo wa mvua katika imani ya wazee wa Kizanaki.

Hata sheria za makanisa zimelegea katika jambo hili. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 ilimtaka padre ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, na wazazi wasipokubali, aongeze mwenyewe jina la mtakatifu. Sheria ya mwaka 1983 yasema tu kwamba lisitolewe jina lisilopatana na moyo wa Kikristo. Na katika dayosisi ya Masasi, Askofu Vincent Lucas, aliyeiongoza tangu mwaka 1926 hata mwaka 1944, alifundisha kwamba desturi njema za nchi zisivunjwe bali zigeuzwe kuwa za Kikristo. Ndiyo maana jando lenyewe lilipokewa na Kanisa huko, hilo jando ambamo kijana huacha jina la utoto na kupata jina jipya.

Lakini kuna mpaka, nao wapaswa kuonekana. Wako watu wanaosema ya kwamba marehemu mwenyewe amerudi katika mtoto, na mtoto akilia usiku humwendea mganga awaambie ni nani katika wafu anayelitaka jina lake. Kumheshimu marehemu ni jambo moja, na kumwogopa ni jambo lingine. Mtoto akilia, mpelekeni hospitali. Jina ni ukumbusho. Si mlango wa mtu kurudia.

Katika Biblia yako masimulizi mawili ya kutusaidia. Jamaa za Zakaria walitaka mtoto aitwe kwa jina la baba yake, na Elisabeti aliposema ataitwa Yohana walimpinga, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa ukoo wao mwenye jina hilo. Mnaona basi, maneno hayo ya jamaa ni ya zamani sana! Na katika kitabu cha Ruthu, Boazi alimwoa mwanamke wa kabila lingine ili jina la marehemu Maloni lisikatike. Lakini mtoto alipozaliwa hakuitwa Maloni. Wanawake majirani walimwita Obedi. Hapana aliyesema marehemu amesahauliwa, maana heshima yake ilikuwa katika urithi na katika malezi ya mtoto, si katika sauti ya jina peke yake. Kwa hiyo nyumba iliyoshindwa kutoa jina la marehemu isijione imemkosea.

Turudi sasa Songo Songo. Mtoto alipotimiza arobaini, mama yake alimbeba wakavuka. Bibi alimpokea mtoto, akamweka mapajani, wala hakusema neno. Binti akapiga magoti, akasema, “Mama, sikuja kulichukua jina. Nimekuja kuliomba. Ukikataa, nitarudi na mtoto atapewa lingine, nami sitanuna.”

Bibi akauliza, “Na siku utakapomgombeza, utalitukana jina la baba yako?”

Binti akajibu, “Sitamwita kwa jina nikikasirika. Nitamwita Babu.”

Bibi akacheka kidogo, ndiyo mara ya kwanza tangu matanga. Kisha akatoa sharti lake: jina la Mwanajuma liandikwe la kwanza katika cheti, lisifichwe nyuma, na nyumbani mtoto aitwe kwa jina hilo, si kwa jingine. Mwalimu alikubali. Mtoto akabatizwa huko bara, naye ana jina lake la ubatizo, lakini cheti chake chaanza kwa Mwanajuma. Bibi hakuja kanisani, wala hakuna aliyemlazimisha. Alimtuma mwanawe avuke na kanga mpya ya kumbebea mtoto. Na binti atuambia ya kwamba sasa akienda kisiwani huketi barazani, pale pale palipotengenezwa nyavu, na bibi humwita yule mtoto kwa sauti kubwa, majirani wote wasikie.

Kwa habari hii twawapa wazazi na walimu mashauri machache.

Kwanza, jina la marehemu liombwe kwa wenyewe, yaani mjane wake, ndugu zake na watoto wake wakubwa. Jina lililoombwa hupatanisha. Jina lililochukuliwa huleta ugomvi.

Pili, ulizeni desturi ya upande wa pili kabla ya kuiogopa. Mwalimu wetu alikosa usingizi majuma mawili kwa neno ambalo mjomba wake alilimaliza kwa kikombe kimoja cha chai.

Tatu, amueni kabla ya kuandikisha. Sheria yataka kizazi kiandikishwe ndani ya miezi 3. Jina la cheti cha kuzaliwa, la cheti cha ubatizo na la daftari la shule yapatane, na yafuatane kwa taratibu moja. Walimu wajua taabu ya mtoto mwenye majina matatu katika karatasi tatu. Siku ya mtihani hajulikani ni nani.

Nne, mtoto akikua mwambieni jina lake lilitoka wapi. Mweleze yule mtu alikuwa nani, alivua nini, alipenda nini, na hata makosa yake kwa kiasi. Mtoto asiyejua habari za mwenye jina amebeba jina tupu, kama mtungi usio na maji.

Tano, msimtwike mtoto deni la marehemu. Msimwambie kila siku, “Mwenye jina lako hakuwa hivi.” Yeye ni mtu mwingine, ana njia yake mwenyewe.

Wazee walisema, jina jema hung'ara gizani. Mzee yule wa Songo Songo alinyamaza miaka minne, na kifo kikamkuta kabla hajalivunja kimya chake. Leo jina lake laitwa kila siku na yule aliyetamani kuongea naye. Hilo si sawa na kuagana, lakini si haba.

Basi, wapenzi, nyumba iliyo na mtoto mchanga na msiba mpya, ketini pamoja na mfanye shauri kwa upole. Kwaherini hata mwezi ujao.