Kila Kitu Kipewe Haki Yake: Matumizi ya Fedha katika Vyombo vya Sauti Nyumbani

Katika mambo ambayo dini yetu imeyatilia mkazo ni wastani katika kutumia mali. Suratul Furqan, aya ya 67, yawasifu waja wema kuwa ni watu ambao wakitoa hawafuji wala hawafanyi choyo, bali hushika njia ya katikati. Wasia huu twaukumbuka tunapozungumza habari za harusi na mavazi. Ni wachache waukumbukao wanapoingia katika duka la redio.

Twayaandika haya tukiwakusudia hasa ndugu zetu wa Amani na vijiji vya Usambara Mashariki, ambako nyumba nyingi hutegemea iliki, karafuu, pilipili manga na mdalasini. Fedha za mazao hayo huja kwa msimu, nazo huondoka upesi. Mwenye nyumba hushuka Muheza au Tanga mjini, akapanda mlimani na sabufa yenye taa za rangi, nyaya nene za kung'aa na rundo la vikorokoro. Mwezi wa pili chombo kimenyamaza, na karo ya mtoto haijalipwa. Hapo ndipo neno letu lilipo.

Chombo cha sauti katika nyumba ya Kiislamu si kitu cha kudharauliwa. Mwaka 1961 huko Misri ilitolewa katika santuri Qur'ani nzima kwa kisomo cha murattal cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, na tarehe 25 Machi 1964 Cairo ikafungua idhaa maalumu ya Qur'ani. Tangu hapo mama aliye jikoni na mzee asiyeweza kufika msikitini wameweza kusikia kisomo sahihi. Leo sauti hiyo hiyo imo katika simu ya mkononi. Nasi katika Suratul Aaraf, aya ya 204, tumeamrishwa kuisikiliza Qur'ani isomwapo na kunyamaza. Basi chombo kizuri kwetu ni kile kinachotufikishia herufi zikiwa wazi.

Jambo hili lataka maelezo kidogo. Sauti ya msomaji mwanamume huanzia kadiri ya mitetemo 100 kwa sekunde. Lakini kinachotenganisha thaa na sini hukaa juu zaidi, baina ya mitetemo 2,000 na 8,000. Mngurumo wa sabufa uko chini kabisa. Ukizidishwa, huzifunika herufi, na mtoto ajifunzaye tajwidi husikia kishindo asisikie makharija. Kwa hiyo anunuaye asidanganyike na ukubwa wa kasha. Na aombe awekewe kisomo hapo dukani, apunguze mngurumo, asikilize kama herufi zaachana. Spika ndiyo inayobadili sauti kuliko kitu kingine chochote chomboni, nayo ndiyo yenye haki ya sehemu kubwa ya fedha.

Wati nazo zimewapoteza wengi. Kutoka wati 10 kwenda 20 sikio husikia tofauti ndogo tu. Ili sauti ionekane imezidi maradufu, yahitajiwa nguvu kadiri ya mara kumi. Chumba cha kawaida hutosheka na wati chache.

Ama nyaya za spika, hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Chukua waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ule utumikao katika taa za nyumba. Mita 5 kwenda na mita 5 kurudi huzuia umeme kwa kadiri ya omu 0.12, na spika nyingi zina omu 4 au 8. Upotevu huo ni mdogo mno hata sikio haliwezi kuutambua. Waya wa bei mara kumi hautaongeza herufi moja. Kinachotakiwa ni waya uwe mzima, na ncha zake ziwe safi na zimekazwa.

Kisha kuna chumba chenyewe. Kuta za saruji na sakafu tupu hurudisha mwangwi, na maneno yakavurugika. Mkeka mzito, zulia na mapazia huumeza mwangwi huo. Spika ikiinuliwa ikalingana na masikio ya walioketi, na ikaondolewa pembeni mwa chumba ambapo mngurumo huzidi, usikivu huongezeka pasi na gharama.

Lakini asije mtu akafahamu kwamba twavikataa vifaa vyote vya ziada. Hali ya Amani si hali ya Tanga mjini. Amani iko juu kadiri ya mita 900, na mvua yake hukaribia milimita 1,900 kwa mwaka. Unyevu ule hulegeza karatasi ya spika, huota ukungu, hutia kutu katika viungo vya nyaya. Umeme nao hukatika na kurudi kwa kishindo, na radi hupiga. Huko, kifaa kinachokata umeme unapozidi au kupungua kina haki kuliko taa za rangi. Chombo kiwekwe mbali na ukuta wenye maji, kifunikwe kitambaa kikiwa kimezimwa na kupoa, na plagi ichomolewe mawingu yanapoanza kunguruma.

Kwa mfano, aliye na shilingi 200,000, rai yetu ni kwamba atoe kama 140,000 kwa chombo chenye spika nzuri, 40,000 kwa kulinda umeme, na 20,000 kwa waya, plagi na fundi. Pambo lingoje. Na kabla ya hayo yote, deni lilipwe, na mke na watoto wapate haki zao. Kwani laki mbili zenye mdai si mali ya kununulia starehe.

Imebaki haki ya jirani. Suratul Israa, aya ya 110, yatufunza njia ya katikati hata katika sauti ya Sala. Basi haifai nyumba moja kuwakesha wagonjwa na wanafunzi wa kijiji kizima, hata ikiwa kinachosikika ni mawaidha. Chombo kilichochaguliwa kwa akili husikika vyema kikiwa chini, wala hakihitaji kupiga kelele.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wasikiao maneno wakafuata yaliyo mema, na azibariki mali zetu zisipotee katika yasiyo na faida. Amin.