Mgeni Akikuta Wenyeji Wakigombana, Amwamini Nani?

Hivi majuzi mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza swali darasani. Tulikuwa tukijadili hadithi za kubuni zinazosimulia viumbe wa sayari nyingine wanaoshuka duniani wakiwa vitani. “Mwalimu,” akasema, “viumbe hao wakikuta binadamu wamegawanyika makundi makundi, wamwamini nani awe mshirika wao?” Wenzake waliangua kicheko. Mimi sikucheka, kwani swali hilo limewahi kujibiwa katika pwani yetu wenyewe.

Mnamo Aprili 1498, Vasco da Gama alitia nanga Mombasa. Yeye na wenyeji walishukiana, akaondoka. Malindi alilakiwa vyema, akapewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Je, watu wa Malindi walikuwa wakarimu kuliko wa Mombasa? Sidhani. Miji hiyo miwili ilikuwa mahasimu kabla Mreno hajaonekana, na Malindi iliona katika mizinga yake njia ya kumkomesha jirani.

Ushirika huo ulidumu takriban karne nzima. Wareno waliiteketeza Mombasa mwaka wa 1505, wakaishambulia tena mwaka wa 1528. Mnamo 1593 wakaanza kuijenga Fort Jesus, na katika miaka hiyo mtawala wa Malindi akahamishiwa Mombasa awe sultani huko. Hasimu alikuwa ameshindwa. Na kwa kushindwa kwake, kilichowaunganisha washirika hao kikatoweka.

Ugomvi haukukawia. Sultani Hasan alikosana na wakuu wa ngome, akakimbilia bara, na huko akauawa mwaka wa 1614. Mwanawe, Yusuf, alipelekwa Goa akiwa mtoto, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo Chingulia, kisha akarudishwa kutawala Mombasa. Alisema Kireno na kusali Kikristo. Yaelekea Wareno waliona hayo yanatosha kuwa dhamana. Agosti 1631 aliingia ngomeni na wafuasi wake, akamuua kapteni, na Wareno wengi wa mji wakaangamizwa.

Mimi ninayefundisha isimu nakiri kwamba kisa hiki hunitia adabu. Twapenda kuamini kuwa wanaoelewana kwa lugha wataelewana kwa mengine. Yusuf aliijua lugha ya Wareno barabara, lakini hakusahau jinsi babake alivyokufa.

Wahenga walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ningeongeza: mtazame pia dhiki ikiisha. Hivyo basi, nilimjibu mwanafunzi wangu kuwa viumbe wale wasimpime mshirika kwa ukunjufu wa makaribisho. Wamwulize adui yake ni nani, anataka nini baada ya ushindi, na anawatendeaje walio dhaifu kwake. Nao wajiulize watamtendea nini siku watakapokuwa hawamhitaji tena.

Nasi wenyeji tuna swali letu. Katika Kiswahili, aliyealikwa na asiyejulikana wote huitwa mgeni, lugha haitutenganishii. Kila tunapomwita mtu wa nje aje atuamulie ugomvi na jirani, tukumbuke kwamba Malindi ilipata ushindi iliotaka, na haikupita miaka hamsini tangu ngome ianze kujengwa kabla ya mrithi wa kiti chake kulazimika kupigana na rafiki wa jana.