Sampula ama Kontrola? Soma Hii Kabla Utoe Doo ya Mashine ya Biti

Maze, wacha nikuokolee ganji. Lapi yangu ilipokufa, nilichukua doo ya rent nikanunua mashine ya vitufe 16, nikijua sasa nitaunda biti bila kompyuta. Kufika keja nikatafuta mahali pa kuchomeka spika. Hakuna. Kuna tundu moja tu, la USB. Nikagonga vitufe, kimya! Kumbe nilikuwa nimenunua kontrola.

Sasa skia. Kontrola kama Akai MPD218 haina sauti yoyote ndani. Ukigonga kitufe, inatuma tu ujumbe wa MIDI kwa lapi: kitufe fulani kimegongwa, kwa nguvu hivi. Sauti inatoka kwa programu kama FL Studio ama Ableton Live. Ni rimoti. Bila TV, utafanyia nini rimoti?

Sampula ni kitu ingine. Hiyo inarekodi sauti yenyewe, inaikata vipande, unavipanga kwa vitufe, na biti inatokea hapo hapo. Mfano ni Akai MPC60 ya 1988, iliyoundwa na Roger Linn. Memori yake ya kawaida ilibeba kama sekunde 13 tu za sauti! Maprodusa wa hip hop kule Marekani walibanana na hizo sekunde wakatoa ngoma kali. MPC3000 ya J Dilla saa hii imewekwa kwa makumbusho Washington.

Kwa hivyo ni gani mzuri? Inategemea uko na nini.

Kama lapi yako iko fiti, chukua kontrola. Bei iko chini, na lapi inabeba sauti nyingi kuliko MPC yoyote ya kitambo. Shida ni sauti kuchelewa. Ukigonga na dramu ije nyuma, ingia kwa settings upunguze bafa. Kwa 44,100 Hz, bafa ya 512 inaongeza karibu milisekunde 12, ya 128 inaongeza 3 tu. Lakini ukiishusha sana na lapi ni mzee, sauti itaanza kukwaruza.

Kama huna lapi, ama ukiifungua tu unajipata YouTube, sampula ndio yako. Roland SP-404MKII hata inatumia betri 6 za AA, so stima ikipotea mtaani wewe unaendelea kupika.

Chunga usidanganywe na macho, juu hizi vitu zinafanana sana. Hata tundu la hedifoni si ushahidi: Maschine MK3 iko nalo, lakini bila kompyuta bado ni bubu. Ukiwa dukani uliza swali moja tu: "Hii inatoa sauti bila kompyuta?" Alafu usiamini mdomo. Mwambie aiwashe, achomeke spika, agonge kitufe ukiskia.

Na kama huna doo ya yoyote, usijali. FL Studio inakubali ugonge dramu na kibodi ya lapi. Anzia hapo. Masikio yako ndio mashine ya kwanza.

Mimi nilikaa miezi minne nikiangalia hiyo kontrola mezani kabla nipate lapi ingine. Landilodi naye hakutaka kuskia story ya biti.